Maandishi ya Ubao wa Zamu

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, mimi, Mkuu wa Utani wa Bweni la Wasichana, mwasisi wa lile tukio la chumvi kwenye bakuli la sukari la walimu, natangaza rasmi kwamba nimestaafu. Wananchi wanaombwa wasilie. Wananchi wenyewe hawajui, maana natangaza nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya studio ya mjomba wangu, na aliyenisikiliza mpaka sasa ni kuku wa jirani, naye ameondoka.

Nimestaafu kwa aibu. Si ile aibu ya kusimamishwa mbele ya paredi huku wenzako wakibana vicheko. Hiyo nimeizoea, hata nina namna yangu ya kuinamisha kichwa ionekane najuta. Hii ni nyingine. Hii huamka kabla yangu, nikienda kupiga mswaki naikuta imeshafika.

Mama alinileta kwa Mjomba, kaka yake, likizo ilipoanza, akiamini kwamba mtoto aliyefungiwa kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha hawezi kuharibu kitu. Kazi ya Mjomba ni picha za pasipoti: kidevu juu, usicheke, masikio yaonekane. Siku asizokuwa na wateja huchukua kamera yake ya zamani, ambayo ukoo mzima tunaiita Sanduku, akaenda kupiga picha viwanda vilivyokufa. Sanduku halishikwi usoni kama kamera za watu. Unaliweka usawa wa tumbo, unainama na kuchungulia kwa juu, kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondokea ndani ya shati lake. Filamu yake ni pana, imeviringishwa pamoja na karatasi, na hutoa picha kumi na mbili tu. Kwa hiyo Mjomba hapigi picha ovyo. Anakata shauri, kama hakimu.

Safari hii tulikwenda kwenye kiwanda cha sabuni kilichokuwa kinangoja kubomolewa. Sijawahi kuona uchafu kama ule mahali palipotengenezwa usafi. Matangi ya kuchemshia yalikuwa makubwa kama vyumba, kingo zake zimeganda mafuta ya njano. Mashine ya kupigia chapa ilikuwa imeachama, kama iliyokatizwa katikati ya mwayo. Na vumbi. Vumbi lililolala miaka mingi bila kusumbuliwa na mtu.

"Humu hatugusi kitu," Mjomba alisema mlangoni. "Ukimkuta mende amelala chali, mwache chali. Ukimgeuza, picha yangu imesema uongo."

"Na kama mwenyewe ameomba ageuzwe?"

"Mpwa wangu, beba stendi."

Nikabeba stendi ya kamera. Tangi moja lilitugharimu asubuhi nzima. Mjomba alipima mwanga, akasogeza stendi upana wa kidole, akangoja wingu lipite, akapima tena. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyamaza, kazi ambayo sikuisomea. Filamu ilipokwisha alikwenda kwenye kona yenye kivuli, akanipa mgongo, akaanza kuweka nyingine.

Ukutani, karibu na mlango wa wafanyakazi, kulikuwa na ubao mweusi wa kuandikia zamu, mtupu. Kwenye kijirafu chake palikuwa na kipande cha chaki. Mimi na chaki hatujawahi kukutana tukaachana salama. Nikaandika kwa mkono wa kushoto, ili herufi zipinde kama za mtu mzima aliyechoka:

WA MWISHO KUTOKA AZIME TAA. MIMI NIMEKATAA.

Mpango ulikuwa acheke. Angesoma, angejua ni mimi, angenipiga konzi moja ya kirafiki, tungefuta, yangekwisha. Lakini Mjomba alipogeuka akasoma, alivua kofia.

"Umeona?" akaninong'oneza.

"Nini, Mjomba?" Sauti yangu ilikuwa ya malaika aliyetoka kuoga.

Alitumia nusu ya filamu kwenye ubao ule, yeye ambaye hata harusi ya mama yangu aliipimia picha kama dawa. Mbavu ziliniuma kwa kuzuia kicheko. Sentensi hiyo naitamka kwa taabu.

Nilijisemea nitamwambia tukifika darajani, njiani kurudi. Tulipofika darajani alikuwa anaimba, na Mjomba haimbi. Nikasema nitamwambia nyumbani. Nyumbani aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha giza bila kula. Nikala chakula chake, nikalala.

Kesho yake picha ikawa imetundikwa dirishani, katikati ya wanaume wawili wa pasipoti, masikio yao yakionekana vizuri. Watu wakaanza kusimama. Mmoja alikuwa dereva wa zamani wa lori la sabuni. Alisoma huku akitikisa kichwa.

"Huyu si mwingine, ni Fundi Taa," alimwambia Mjomba. "Yule fundi wetu wa umeme. Siku ya kufunga waliagiza azime swichi kubwa, akaweka kiti mbele yake, akakaa. Ikabidi waite mtu mwingine. Marehemu alikuwa kichwa ngumu yule, Mungu amrehemu."

"Basi ndiye," Mjomba akasema, na machozi yakamlengalenga.

Nilikuwa nafagia. Niliendelea kufagia mahali palepale mpaka nikahisi nitatoboa sakafu.

Dereva alikuwa na mdomo wenye magurudumu. Kabla ya jua kuzama alifika binti wa Fundi Taa, mshonaji wa mtaa wa nyuma, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Hakusalimia. Alisimama mbele ya dirisha, akaweka kidole kwenye kioo, akafuata herufi moja moja.

"Kaka," alimwambia Mjomba, "baba hakuniachia hata mstari mmoja. Mkono wake ulikuwa wa koleo, si wa kalamu. Unaweza kunikuzia, herufi ziwe kubwa kama zilivyo ubaoni?"

"Naweza. Ya kutundika sebuleni?"

"Ya kumpelekea fundi wa mawe. Jumamosi anachonga jiwe la kaburi. Nataka achonge haya maneno, na mwandiko uwe huuhuu, uliopinda hivihivi."

Ufagio uliniponyoka. Akageuka, akanitazama kwa upole ambao sikustahili.

"Na wewe ulikuwepo, mwanangu? Ulijisikiaje ulipoyaona?"

"Nilisisimka," nikasema.

Ndiyo. Nilisema hivyo. Kinywa kilikuwa wazi, kweli ilikuwa mlangoni, nikapitisha uongo mwingine juu ya kichwa chake.

"Pindo la sketi yako limefumuka," mshonaji akasema. "Simama nikushikizie. Mpwa wa kaka ni mwanangu." Akachomoa sindano kwenye kola ya gauni, akapiga magoti kwenye sakafu niliyokuwa nimeifagia, akanishonea. Nilimtazama utosini. Alikuwa na mvi chache, na kipande cha uzi mwekundu kimenasa kwenye nywele. Nilitaka kukitoa, nikaona sina haki ya kumgusa.

Mjomba alimwambia aketi angoje, kisha akaniita chumba cha giza nimsaidie. Alipandisha mashine ya kukuzia mpaka juu kabisa, akaangaza, akazamisha karatasi kwenye beseni la dawa. Kazi yangu ilikuwa kulitikisa beseni polepole. Chini ya taa nyekundu maandishi yakaanza kutokea: WA MWISHO, kisha TAA, na lile NIMEKATAA langu, kubwa na lisilo na haya.

Mjomba akainama na kioo chake cha kukuzia. Alikuwa na furaha, alikuwa anaimba tena kwa chini. Wimbo ukakatika.

"Tazama hapa," akasema.

Alinionyesha kijirafu chini ya ubao. Kwenye picha ndogo ya dirishani kilikuwa mstari tu. Hapa kilionekana chote: vumbi limelala nene kama blanketi, lina alama mbili za vidole na shimo dogo palipokuwa chaki. Na juu ya vumbi, unga mweupe.

"Chaki iko juu ya vumbi," Mjomba akasema taratibu. "Aliyeandika zamani, chaki yake ingekuwa chini ya vumbi."

"Labda panya walipita, Mjomba."

"Panya."

"Wakatikisa."

"Na hivi vidole ni vya panya?"

Mikono yangu ilikuwa inatikisa beseni, imewekwa vizuri kabisa chini ya taa, mbele yake. Aliitazama, akatazama picha, akaitazama tena. Nilingoja konzi. Hakuipiga. Aliweka kioo chini kama mtu anayelaza mtoto.

"Nilikuambia hata mende tumwache," akasema. Baada ya hapo hakuwa na utani wowote kwangu, wala hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliichukua ile karatasi ikidondosha maji, akaikunja mara mbili. "Yuko hapo nje. Mimi siwezi kumwambia. Mdomo wangu utamwambia nini?"

Nikatoka. Mwanga wa nje ulinipiga usoni nikafumba macho, na nilipofumbua mshonaji alikuwa amesimama, mikono mbele, tayari kupokea.

"Imetoka vizuri?"

Nina hotuba kwa kila tukio. Nimewahi kumtetea mbuzi aliyeingia maktaba mbele ya walimu sita, na mbuzi akashinda. Pale nilitazama pindo la sketi yangu, uzi mpya, mishono midogo iliyonyooka.

"Mama," nikasema, "yale maneno si ya baba yako. Niliyaandika mimi."

Hakuelewa. Alitabasamu kidogo, kama anayengoja sehemu ya kuchekesha.

"Uliandika nini?"

"Yote. Ubaoni. Siku tulipokwenda."

"Hata NIMEKATAA?"

"Hata hiyo."

Mikono yake ilishuka. Akashika futi iliyokuwa shingoni, akaanza kuizungusha kidoleni, polepole, mpaka ikaisha.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilitaka Mjomba acheke." Nikaona halikutosha, wala hapakuwa na lingine. "Si baba yako, Mama. Ni mimi."