Mama wa Kiti cha Nyuma

Lemi alikuwa na kipaji kimoja ambacho hata waliomchukia hawakumnyima: angeweza kusimama mbele ya jiwe lolote akalisemea mpaka wageni wakatoa simu na kulipiga picha. Lingekuwa jiwe la kuanikia nguo, Lemi angelitungia miaka mia tano na mfalme wa kulikalia. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka mjini Arua. Kila Jumamosi alijaza gari la watu tisa, dereva wake Pitia akashika usukani, wakapita Maracha kuona maporomoko ya maji, wakaendelea hadi Koboko kuona mawe ya kale chini ya mlima Liru, na jioni wakarudi.

Jumamosi hii mawe hayakuwa kichwani mwake. Mkewe Juliet alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na alikuwa akimtaka mama yake. Alitaka awepo siku ya kujifungua, amwogeshe mtoto kwa mikono yake, basi. Na mama mtu alikuwa amekataa katakata. Juliet aliondoka kwao Koboko bila kuaga. Alisema anakwenda sokoni, kumbe safari ni ya Arua na begi limekwisha kutangulia. Mama yake, mjane, akaapa kwamba hamjui mkwe ambaye hakupita mlangoni. Lemi alituma wazee mara tatu. Mara ya kwanza walikuta mlango umefungwa. Mara ya pili walipewa maji ya kunywa na kimya. Mara ya tatu waliambiwa kwamba binti wa watu hawezi kuachiwa mwanamume ambaye kazi yake ni kuonyesha watu mawe. Asubuhi hiyo, akimfungia chapati zake, Juliet alisema kwa sauti ndogo kwamba anaogopa kuzaa peke yake. Lemi akachukua chapati akatoka.

Wageni walikuwa watano. Evelyn na mumewe Lukudu walitoka Yei wakati wa vita, na sasa waliuza vitenge mjini Arua. Kulikuwa na wanafunzi wawili wa chuo, mvulana na msichana, waliopendana kiasi cha kutohitaji maajabu mengine. Na kulikuwa na mama mmoja wa makamo, jina lake Night Poni, aliyewekewa nafasi kwa simu na msichana fulani, kwa sharti moja tu: kiti cha nyuma kabisa.

Lemi alimwendea na tabasamu lake la kazi, akamnyooshea mkono. Yule mama akavuta kitenge chake kichwani mpaka kikamfika puani, akampa kisogo, akalizunguka gari zima, akaingia kwa mlango wa nyuma. Mkono wa Lemi ukabaki hewani. Pitia aliyekuwa akifuta kioo aliona yote, akakifuta kioo kilekile mara ya pili ili asicheke.

Lemi alijiambia kwamba labda mama anaumwa jino.

Kule kwenye maporomoko alieleza vizuri kama kawaida yake, maji yanatoka wapi, yanaanguka kimo gani, na jinsi upinde wa mvua unavyokaa pale asubuhi nzima jua likiwaka. Wote walisogea ukingoni isipokuwa yule mama. Alikuwa nyuma ya kichaka, amegeuka upande, sikio moja limeelekea kwa Lemi. Lemi alipopiga hatua mbili kumkaribisha, naye akarudi nyuma hatua mbili. Aliposimama, mama akasimama. Lemi alijaribu tena kwa upande wa pili wa kichaka, na mama akahama upande. Mtu mzima na akili zake akajikuta anazunguka kichaka kama anayemkimbiza kuku, akaona haya, akaacha.

Basi labda mama ameokoka na anaogopa mahali pa mizimu. Lakini mtu wa namna hiyo analipa nauli ya nini?

Safari ya kwenda Koboko ndiyo iliyomvuruga kabisa. Yule mama alimwinamia Evelyn, aliyeketi mbele yake, akamnong'oneza. Evelyn akapaza sauti, kwa Kiswahili chao cha kule.

"Guide, mama iko nauliza, wewe nakunywa waragi?"

Lemi alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa amezoea kuulizwa mlima una urefu gani. Akasema hanywi, ila bia moja wakati wa Krismasi. Mnong'ono mwingine. Mama anauliza nyumba anayokaa ni yake au ya kupanga. Ya kupanga, akasema Lemi, lakini kiwanja anacho na matofali yamekwisha kuchomwa. Mnong'ono. Mama anauliza anaamka saa ngapi. Hapo jasho likaanza kumtoka, maana aliwaza kwamba huyu sasa ni mtu wa serikali, ametumwa kumpeleleza, ama ni wa kodi, ama ni wa utalii, na kwamba kibali chake kiko hatarini. Akaanza kujibu kama aliyeko mahakamani, akaongeza na vitu ambavyo hakuulizwa, kwamba gari lina bima na kwamba maji ya wageni yamechemshwa.

Evelyn alimtazama kwenye kioo cha dereva kwa muda. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa.

"Bibi yako ni mutu ya wapi?" akauliza, na safari hii hakuna aliyekuwa amemnong'oneza.

"Ya hapa hapa Koboko," akasema Lemi.

Evelyn akasema "ahaa", akamgeukia mumewe, akamwambia jambo kwa lugha yao. Lukudu akaziba mdomo kwa kofia. Lemi alizidi kuchanganyikiwa, hakujua ashike lipi aache lipi. Kisha mnong'ono wa mwisho ukaja, na Evelyn hakucheka alipoutoa.

"Anauliza kama wewe napigaga mutu nyumbani."

Hata wapenzi wa chuo waliinua vichwa. Lemi alimkumbuka baba yake, mwanajeshi, na mkanda wake nyuma ya mlango wa nyumba ya kambini. Akasema hapana. Akasema hajawahi na hataki kuanza. Hakujua kwa nini swali la mtu asiyemjua limemuuma hivyo, wala kwa nini alitamani aaminiwe.

Walipofika Koboko wakala mchana: mihogo ya kuchemsha, siagi ya ufuta na samaki wa kukaushwa. Yule mama alichukua sahani yake akaenda kuila nyuma ya kichuguu, mgongo kwa watu. Lemi akampelekea chupa ya maji mwenyewe, kwa heshima zote, na kule nyuma ya kichuguu kukatokea mparaganyiko, sahani ikaanguka, na mama akaondoka mbio na kitenge usoni. Evelyn akaja kumnyang'anya Lemi ile chupa. Alimwambia akae mbali na mama wa watu, kwa upole lakini kwa namna asiyoweza kuipinga.

Ni vizuri kusema hapa kwamba Lemi hakuwa mjinga. Alizaliwa kambini akakulia kambini, mbali na mkoa huu wa West Nile, kama watoto wengi wa askari wa Koboko. Aliporudi kwao alikuwa na miaka ishirini na tatu, na mambo ya kwao aliyajua kama mtu anavyojua wimbo wa lugha ya kigeni, maneno yote anayo na bado haujui. Aliyakusanya kwa wazee, akayaandika kwenye daftari, akayatia chumvi, akayauza kwa wageni. Hakuna aliyemwambia kwamba mengine bado yako hai.

Kituo cha mwisho kilikuwa kile alichokipenda kuliko vyote, Njia Mbili. Ni mteremko wa mwamba chini ya mlima, na juu ya mwamba huo nyayo za watu wa kale zimechimba njia mbili, zimetengwa na majabali yenye kimo cha mtu. Lemi akapanda juu ya jiwe, akakohoa, akaanza.

Alisema kwamba zamani ukoo mmoja ulikaa juu pale, na mabinti zao wakaolewa chini. Njia ya kushoto ilikuwa ya wakwe wanaume, ya kulia ya mama wakwe, ili wasikutane. Kwa maana mtu na mama mkwe wake hawakutazamana. Hawakula mahali pamoja. Hawakugusana hata ncha ya kidole, na wakiwa na la kusemezana, walipitishia kwa mdomo wa mtu wa tatu. Alisema haya kwa madaha, mikono hewani, na nyuma yake, hatua kumi hivi, Night Poni alikuwa amesimama ubavuni mwa jabali, kitenge kimemfunika mpaka machoni, uso ameuelekeza kwenye mwamba. Lukudu alilazimika kukaa chini kwa kicheko.

"Na hiyo mambo siku hizi imeisha?" akauliza Evelyn.

"Imeisha kabisa, mama yangu. Sasa ni historia tu."

Wakaanza kuteremka kwa njia ya kushoto. Lemi alihesabu wageni wake, kama anavyofanya siku zote, akapata wanne. Akatazama juu ya majabali, akaona kitenge cha bluu kinashuka peke yake kwa njia ya kulia. Moyo ukampasuka, kwa sababu upande ule una bapa la mwamba lililolainishwa na miguu ya karne nyingi, na mgeni akivunjika mguu, kazi imekwisha. Akapanda majabali kwa mikono na miguu, Evelyn akimwita arudi, akarukia upande wa pili, akatua mbele ya yule mama.

Mama akasimama. Akamtazama, mara ya kwanza tangu asubuhi, kwa jicho moja lililoonekana. Akapiga hatua juu ya bapa, mguu ukamtoka, naye Lemi akaudaka mkono wake juu ya kiganja na kumvuta kwake.

Kitenge kilianguka mabegani. Lemi akauona uso wa Juliet ulioongezwa miaka thelathini, kidevu kilekile, mwanya uleule wa meno ya mbele. Yote aliyoyasema juu ya jiwe yakamrudia kwa mpigo mmoja, na waragi, na nyumba ya kupanga, na kichuguu. Kwao alijulikana kama Mama Yangi, kwa mtoto wake wa kwanza, na Lemi hakuwahi kufikiri kwamba ana jina jingine. Akauachia mkono kama ameshika chuma cha moto. Alianza kupiga magoti, akaona kupiga magoti ni kumkaribia, akainuka, akageuka, akagonga paji la uso kwenye jabali. Aliona kwamba ameharibu kila kitu, kwamba Juliet atazaa peke yake na kosa ni la mikono yake.

Mama alikwisha kuketi, mgongo kwake, akijifunika upya bila haraka. Evelyn na wengine walikuwa wametokeza juu ya majabali. Mama akasema na Evelyn, kwa sauti ambayo Lemi, hatua tatu nyuma yake, aliisikia neno kwa neno.

"Wambia huyu mutu, mimi hapana kuja kutafuta yeye. Mimi nakuja kuona mawe, na nalipa kiti yangu. Lakini sasa yeye nashika mukono yangu, na watu yote naona. Mambo hii hapana kaa hivi. Wazee yake na wazee yangu lazima nakaa chini, nakula mbuzi ya kusafisha hiyo kosa pamoja, mbele mutoto hapana zaliwa bado."

Evelyn akayarudia yote kwa Lemi. Lemi akafungua mdomo kumwomba mama msamaha, Evelyn akainua kidole, kwamba aseme na yeye. Basi akamwambia Evelyn amwulize mama ni siku gani. Jibu likaja kwamba ni Ijumaa. Akamwambia amwulize, wazee wakishakula huyo mbuzi, Juliet je?

Mama alichezea ncha ya kitenge.

"Wambia yeye, ikisafishwa, njia iko wazi."

Lemi hakujua kama hiyo ni ndiyo au ni tishio. Walipomshusha Koboko mjini, mama hakutazama nyuma.

Saa kumi na mbili Lemi alikuwa nyumbani, ameketi kwenye kizingiti na uvimbe kwenye paji, akimweleza Juliet vipande vipande, kichwa chini. Alimwambia kwamba amemgusa mama yake. Aliapa kwamba hakumjua, kwamba aliona anaanguka, kwamba sasa wanatakiwa kupeleka mbuzi Ijumaa na yeye haelewi kama mama amekasirika au amefurahi au vipi. Juliet hakumlaumu. Alimwuliza tu mahali penyewe ni wapi. Lemi akamwambia, Njia Mbili, upande wa kulia, pale kwenye bapa. Akauliza tena, na Lemi akamwambia tena. Juliet akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake, machozi yakaanza kumtoka huku anacheka.

"Mama yangu alizaliwa chini ya ile mlima, Lemi. Alikuwa anapita pale na mtungi kwa kichwa, mvua inanyesha, na mimi mgongoni. Mama hajateleza pale hata siku moja."