Firigisi ya Mkizi

Jumatatu moja ya Machi 1987, Benta alikuwa akipiga pasi nyumbani kwake Shauri Moyo maji yalipopanda kutoka sakafuni, yakamfika kwenye vifundo vya miguu, yakatulia. Alimaliza kola ya shati la mumewe, akalitundika msumarini, ndipo akainua gunia la unga. Baada ya saa moja maji yalishuka. Yaliacha samaki wawili chini ya meza.

Mumewe, Zedekiah Andati, karani wa reli, alikuwa amechukuliwa siku tisa kabla na watu wanne waliobisha hodi kwa adabu. Walikuta kikaratasi cha kuipinga serikali ndani ya Biblia yake. Benta aliwaambia majirani kwamba Zedekiah amekwenda matanga Butere. Walimpa pole, na hakuna aliyeuliza nani amekufa, maana kila mtu aliogopa jibu.

Benta mwenyewe aliogopa gari likipunguza mwendo, na aliogopa likipita. Samaki hawakumtisha. Hakuwajua tu, yeye aliyezoea ngege wa ziwani.

Alimpeleka mmoja Majengo, kwa Batulo mkaanga samaki, mzaliwa wa Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini.

"Mkizi huyu, mwanangu," Batulo alisema. "Tazama jicho, lina utando wa mafuta. Pezi la mbele miiba minne, la nyuma limekaa mbali nalo. Ubavuni hana ule mstari wa samaki wengine. Kwao ni pale maji matamu yakutanapo na chumvi."

"Kwangu ni maji ya mfereji, mama."

"Basi chumvi imetoka kwa mtu."

Akampasua. Ndani mlikuwa na utumbo mrefu uliojikunja na firigisi nene kama ya kuku.

"Hula matope, akayasaga humu. Na kwako hakuna matope. Anakula kwengine, maji yakijaa anakuja kwako. Kilicho chini huko, utakikuta humu."

Humo mlikuwa na mchanga, vumbi la saruji na kifungo cheupe chenye uzi mwekundu. Benta ndiye aliyekishona kwenye shati la Zedekiah, Jumapili moja uzi mweupe ulipoisha. Alijua sasa kwamba chumvi ni ya Zedekiah, kwamba yu hai na amesimamishwa ndani ya maji, katika chumba cha saruji. Akaogopa kuliko kwanza.

Maji yalikuja kila siku na samaki wake, yakichelewa kidogo kuliko jana. Kila yalipokawia zaidi, Benta alikaa na kutazama sakafu kavu. Samaki aliwala, wengine akawagawia majirani, ambao walisifu nyama na hawakuuliza kitu. Firigisi hakuzila. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke hali, mgeni hapewi. Alizikaanga zikauka, akaziweka pamoja na kifungo katika bakuli la buluu, akafunika.

Jumamosi akaja Mulwa, mmoja wa wale wanne, amevaa suti ya Kaunda. Alikaa kwenye kiti cha Zedekiah. Maji yalipopanda, akakunja suruali.

"Hapa ni vifundo tu," alisema. "Huko kwetu ni magoti."

Benta alimwandalia ugali na samaki, kwa kuwa hakujua mikono yake ifanye nini kingine. Mulwa alikula, kisha akaelekeza kidole kwenye bakuli.

"Ile ni ya nani?"

Kusema ni ya mwenye nyumba kungekuwa kukiri kwamba anajua Zedekiah yu hai. Kusema si ya mtu kungekuwa kumzika.

"Ni mabaki tu."

"Leta basi, mama. Si mnasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Alizila zote, moja moja, polepole, maana ni ngumu. Chini ya bakuli akakuta kifungo.

"Hiki ni chake. Nitampelekea."

"Asante," Benta alisema, na akajichukia kwa kulisema neno hilo.

Kesho yake maji yalikuja tena, yakapita vifundo. Benta akapasua mikizi watano, akakaanga firigisi zao, akafunika bakuli.

Jumamosi iliyofuata maji yalikuwa yamemfika magotini. Mulwa alikuja amevaa malapa, akakaa kitini pale pale kama mwenye nyumba, akauliza bakuli liko wapi. Benta akampa.