Simu Thelathini na Tano

Ilikuwa mwaka 2017, mwishoni mwa majira ya joto, wiki ya maonyesho ya kilimo ya wilaya yetu hapa Wisconsin. Siku ya Alhamisi waamuzi walionja achari za matango, wakampa Delphine Vandehey utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza, nami wakanipa mwekundu wa mshindi wa pili. Kwa miaka kumi na mmoja mfululizo utepe wa buluu ulikuwa wangu. Delphine alikuwa jirani yangu, dirisha la jikoni kwake likitazamana na la kwangu, na matango aliyoyatumia yalitokana na mbegu nilizompa mimi mwenyewe.

"Usininunie, Mwalimu," aliniambia mbele ya watu, huku akijibandika utepe kifuani kama jenerali. "Mwaka huu chumvi yako ilizidi. Mke wa Lutu angeionja achari ile, angejiona yuko nyumbani."

Watu walicheka. Mimi nami nilicheka, kwa meno tu.

Nikaondoka pale, nikafika kwenye kibanda cha kampuni moja inayouza mifereji ya paa. Walikuwa wakiendesha bahati nasibu, na zawadi yake ilikuwa mashine ya kukatia nyasi, ile ya kuketi juu yake kama trekta. Kikaratasi cha kuingilia kilitaka jina, anwani na namba ya simu. Chini yake, kwa herufi ndogo mithili ya sisimizi, kilieleza kwamba atakayetia saini amekubali kupigiwa simu na kampuni hiyo, hata kwa sauti iliyorekodiwa. Nimefundisha sarufi kwa miaka thelathini na minne, wala sitii saini nisichokisoma. Nilikisoma chote, nikakielewa chote, kisha nikaandika jina la Delphine, namba ya Delphine, na saini ya Delphine. Na imsumbue kidogo, nilijiambia. Nikakitumbukiza sandukuni, nikaenda kununua jibini la kukaanga, nikalila kwa hamu.

Sikuteleza. Nilikusudia.

Simu zilianza wiki ya pili ya Septemba. Lazima niseme hapa nililokuwa nikilijua hata siku ile ya Alhamisi: Urban, mume wa Delphine, alikuwa katika makao ya wazee tangu Pasaka, baada ya kupatwa na kiharusi, na wauguzi wake walikuwa na namba moja tu ya kumpata mkewe, nayo ni ya simu ile ya ukutani jikoni. Delphine hakuwa na nyingine. Nilijua hayo yote. Nilipokuwa nikiandika sikuyatia maanani, kwa sababu sikutaka kuyatia maanani.

Nilimwona kupitia dirisha langu. Yuko katikati ya nyanya zake, simu inalia ndani, anaangusha kikapu, anapanda ngazi akivuta ule mguu wenye nyonga mbovu, anaingia. Baada ya muda mfupi anatoka, ameshika kifua.

"Mifereji!" alinipigia kelele juu ya uzio. "Yule mwanamke wa mashine tena! Ati paa langu linalia. Paa langu halilii, shoga, ninayelia ni mimi!"

"Usipokee."

"Nisipokee? Na kama ni Urban?"

Namba zilizopiga zilifanana na za mji wetu, kila mara nyingine, hata asiweze kuzitambua. Siku nyingine ziliita mara tatu. Delphine aliacha kwenda kucheza karata kanisani kila Jumatano. Alioga mlango ukiwa wazi. Mwishoni mwa mwezi alianguka kwenye ngazi akikimbilia simu, goti likavimba kama kabichi, nami nikampelekea supu ya kuku kwa siku nne. Hatia ilinifanya jirani mwema kupita nilivyowahi kuwa maishani mwangu. Mchungaji alinisifu hadharani, nikakaa kwenye benchi nikitazama viatu vyangu.

Kisha Delphine akasikia kwa msusi wake kwamba sheria inamlipa mtu dola mia tano kwa kila simu ya sauti iliyorekodiwa inayopigwa nyumbani kwake bila ya idhini yake. Alikuwa ameziandika zote kwenye kalenda, na saa zake. Alikuja kwangu na kalenda kwapani.

"Wewe ndiye unayejua kuandika," alisema. "Niandikie barua watakayoisoma wamesimama. Waambie wakome, na wanilipe."

Niliiandika. Nilipofika kwenye maneno "sikuwahi kutoa idhini," kalamu ilisimama.

"Nini? Sarufi?"

"Hapana. Sentensi ni sahihi."

Ilikuwa sahihi, na kweli tupu. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyekuwa nikijua ni kweli kiasi gani.

Kampuni haikujibu, na mashine ikapiga mara sita zaidi. Delphine akaenda mahakama ya madai madogo, akajaza fomu, akalipa ada, akapewa tarehe. Hapo ndipo kampuni ilipoamka. Siku ya Jumatatu alikuja bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi kwenye meza yangu bila kuvua koti. Aliweka karatasi mbele yangu. Ilikuwa nakala ya kikaratasi kile.

Macho yangu yaliangukia tarakimu. Namba ya Delphine ina saba mbili, na kila saba ilikuwa na mkato kiunoni, kama nilivyofundishwa na mwalimu wangu Mjerumani katika shule ya Kilutheri. Hakuna mwingine katika mtaa wetu anayeiandika hivyo.

"Nilitia saini," alisema Delphine polepole. "Tazama. Jina langu, namba yangu. Nami sikumbuki, Verna. Sikikumbuki hata hicho kibanda."

"Huo si mwandiko wako," nilisema. Nusu ya ukweli ni kificho cha waoga, nami nilijikunyata ndani yake.

"Hata mwandiko wa mama ulibadilika." Alikuwa akilikunja na kulikunjua pindo la koti. "Alianza hivi hivi. Alisahau alichotia saini, kisha akasahau jiko linawaka, kisha akatusahau sisi. Nimempigia Renata."

Renata ni bintiye, anaishi Minneapolis. Kwa mwaka mzima alikuwa akimsihi mama yake auze nyumba akaishi katika makao ya wazee karibu naye, na mwaka mzima Delphine alikuwa akimjibu kwamba atatoka nyumbani kwake akiwa amelala chali.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia sawa, nimekubali. Anakuja Jumamosi na maboksi. Afadhali niende ningali ninajua ninakoenda." Alijaribu kutabasamu. "Na kesho ninakwenda kuyaondoa yale madai. Siwezi kusimama mbele ya hakimu nikaapa, halafu ikawa mwongo ni mimi. Lakini Urban nani atamtembelea? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kutoka Minneapolis ni saa tano kwa gari."

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Ningeweza kunyamaza. Jumamosi ingefika, nyumba ingeuzwa, na kikaratasi kingeoza katika faili la watu nisiowajua. Ninakiri kwamba niliipima njia hiyo, na sikuipima kwa muda mfupi.

Nikachukua kalamu. Chini ya namba ile niliiandika upya, kwa mkono wangu wa kila siku, saba mbili na mikato yake, nikamsogezea karatasi.

Delphine alizitazama namba mbili zile. Alivaa miwani, akazitazama tena.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Sababu?"

"Achari."

"Achari." Alilitamka neno kana kwamba analisikia kwa mara ya kwanza. "Mimi tangu Ijumaa karatasi hii iliponifikia silali, nayahesabu majina ya wajukuu wangu ili nijue kama bado wamo wote kichwani. Daktari amenichorisha saa ili anipime akili! Mwanamke mzima, nachora saa kama mtoto wa chekechea. Kwa ajili ya matango ndani ya siki?"

"Ndiyo."

"Na supu ile ukaniletea."

"Ndiyo."

"Nami nikakuombea dua, mjinga mimi."

Aliinuka, akaenda kwenye simu yangu, akabonyeza namba. "Renata? Usije na maboksi. Hapana, mwanangu, akili yangu iko sawasawa. Aliyeharibika ni jirani." Alisikiliza kidogo. "Nitakueleza nikishapoa. Leo ninaweza kutukana." Akaweka mkono wa simu mahali pake, akanigeukia. "Utayasema haya mahakamani. Kwa kinywa chako, na kwa sarufi yako nzuri."

Niliyasema. Ilikuwa Jumanne kabla ya Siku ya Shukrani, sikukuu ya mwishoni mwa Novemba. Hakimu wa madai madogo alinipa karatasi, akaniambia niandike namba, nikaiandika, naye akaiweka kando ya kikaratasi na kutikisa kichwa. Nyuma yangu walikuwapo watu watatu waliowahi kuwa wanafunzi wangu, wakisubiri kesi zao. Mmoja nilimnyima daraja mwaka 1988 kwa kunakili insha ya mwenzake. Sikugeuka kumtazama.

Mwakilishi wa kampuni, kijana mwenye tai iliyombana koo, aliomba azungumze na Delphine nje, ukumbini. Walipatana hapo. Simu sita zilizopigwa baada ya barua, ambayo iliwaambia wazi wakome, wangezilipa: dola elfu tatu. "Lakini zile thelathini na tano za mwanzo, bibi," alimwambia Delphine, "sisi tulidanganywa. Na aliyetudanganya ndiye yule pale, amevaa kofia ya kijani."

"Hapo umesema kweli, baba," Delphine alijibu, akatia saini.

Mimi ndiye niliyempeleka mahakamani kwa gari langu, na ni mimi niliyemrudisha. Tulipoegesha mbele ya nyumba yake nilitoa kitabu cha hundi. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu: thelathini na tano mara mia tano ni dola elfu kumi na saba na mia tano. Nilikuwa na akiba ya kiasi hicho na kidogo zaidi.

"Kirudishe mkobani," alisema.

"Ninadaiwa, Delphine."

"Unadaiwa, ndiyo. Unataka kulipa mara moja, ulale usingizi. Nilichokikimbilia mimi si hundi. Nilikimbilia simu." Alifungua mlango wa gari, akautoa mguu mmoja, akasita. "Thelathini na tano. Kila Jumatano nitakwenda kwenye karata zangu. Utakuja kuketi kwangu, chumba cha nyuma, kwenye cherehani, ndipo ninapokuwaga. Simu ikilia, utapokea. Kama ni mashine, hesabu moja. Kama ni ya Urban, uje mbio kanisani uniite. Ukiikosa, haihesabiwi."

"Na kama haitalia?"

Alinicheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu ile. "We Mwalimu! Unadhani watu wa mifereji peke yao ndio waliokuwa na namba yangu? Wameshaiuza kwa nusu ya Amerika."

Jumatano iliyofuata theluji ilianguka tangu asubuhi. Delphine aliondoka saa saba na nusu mchana, amejipaka rangi ya midomo, wala hakunikaribisha kahawa. Nilikwenda chumba cha nyuma, nikaketi kwenye kiti kigumu cha cherehani. Nilikuwa nimechukua kitabu, lakini sikusoma hata ukurasa mmoja. Ukitega sikio kuingojea simu, nyumba nzima hugeuka kuwa simu: bomba lilikwaruza nikashtuka, friji ikakohoa nikashtuka.

Ilipolia, niliinuka kwa kasi mno, goti langu likagonga meza ya cherehani. Korido ni ndefu kuliko inavyoonekana kutoka dirishani kwangu. Ikalia mara ya pili. Nilimwona Urban akilini mwangu, mdomo wake ulioegemea upande, muuguzi akiwa amemwinamia na simu mkononi. Ikalia mara ya tatu. Nilishika ukuta, nikashika kona ya meza, nikainyakua simu, nikihema.

"Halo? Halo, nyumbani kwa Vandehey!"

Kimya kidogo, kisha mlio mdogo, kisha sauti ya mwanamke mchangamfu asiyekuwapo popote duniani, akiniuliza kama ninajua kwamba dhamana ya matengenezo ya gari langu inakaribia kwisha.

Moja.

Niliurudisha mkono wa simu ukutani. Sikuwa nimefika nusu ya korido ilipolia tena, nikageuka, nikakimbia.