Mabango Yenye Uso Wangu

Kwa kinyozi wa pale kona nina ndevu. Kwenye duka la dawa nakohoa, nimeshika kifua kwa mikono miwili. Kliniki ya wajawazito mimba yangu inaingia mwaka wa sita sasa, na buchani, Mungu anisamehe, yule ng'ombe ana macho yangu. Mchora mabango wa mtaa huu ni mume wangu, na mume wangu alikuwa anajua kuchora uso mmoja tu.

Si kwamba hajui kazi. Herufi zake zimenyooka bila rula, na chungwa lake unatamani ulimenye. Ila nyuso alijifunzia kwangu tulipokuwa wachumba, maana hakuna mwingine aliyekubali kukaa kitako saa nzima bila kujikuna. Mkono ukazoea. Anaweka picha ya mteja mbele yake, anaitazama vizuri, halafu kabla ya kugusa ubao anageuza shingo na kunitazama mimi, nyuma yake kwenye cherehani. Mara moja tu, haraka. Mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Mimi nilikuwa najua na sikusema, maana mwanamke gani anakataa kutazamwa?

Wateja hawakujali. Mgonjwa wa kwenye bango ni mgonjwa tu. Mpaka alipokuja Mama Saluni.

Huyu alikuwa amefungua saluni ya tatu, na alitaka uso wake mwenyewe juu ya mlango, mkubwa, auone hata mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mume wangu akachora siku nne. Mama Saluni alipokuja kukagua, akatazama ubao, akanitazama mimi, akarudi kwenye ubao.

"Fundi, huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

"Huyu ni mkeo kavaa hereni zangu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama Saluni hakucheka. Akampa mpaka Jumamosi arekebishe. Akishindwa, kazi inakwenda kwa mchoraji mwingine, pamoja na mabango mapya ya zile saluni mbili za zamani. Na mume wangu alikuwa amemwahidi kaka yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwamba mwezi huu ukiisha bila kazi ya maana, ataacha brashi akamuuzie dukani. Shemeji yangu si mtu mbaya. Alishamtengea kiti.

"Labda ndiyo riziki yangu," mume wangu akaniambia, akiosha brashi kwa mafuta ya taa. "Msumari hauna uso."

Hapo kicheko kikaniisha. Huyu ni mtu ambaye akipita penye ukuta mtupu hupunguza mwendo. Ukimweka nyuma ya kaunta utakuwa umemfunga jela.

"Baba, unanitazama," nikamwambia.

"Nani?"

"Wewe. Kila ukitaka kuchora uso, unageuka."

Akakataa katakata. Nikamwambia haya, chora. Akachukua brashi, akaitazama picha ya Mama Saluni, akageuza shingo. Tukagongana macho. Akaishusha brashi polepole, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Kesho yake asubuhi nikafunga mzigo, nikaenda kwa dada yangu.

"Mmegombana?" akauliza hata sijakaa.

"Hapana. Nimempisha Mama Saluni."

Dada akatafuta kiti. Ilinichukua muda kumweleza, na sidhani kama aliniamini.

Nilikaa huko siku tatu. Siku ya kwanza nilimwombea afaulu. Ya pili wivu ukanipanda, nisidanganye. Mimi si mtu ambaye watu hugeuka kumwangalia njiani. Sura yangu iliingia mitaani kwa mkono wake tu, na sasa nilikuwa nimemtuma mwenyewe akaitoe. Akifaulu, nitabaki wapi?

Jumamosi nikapitia saluni kwanza. Bango lilikuwa juu tayari. Mama Saluni kabisa: mashavu yale, mwanya ule, jicho moja dogo kuliko mwenzake, mpaka ukali wake ulikuwepo. Mwenyewe alisimama chini yake akijipiga picha. Nilitafuta, sikuona hata unyusi wangu mmoja. Nikafurahi, naapa nikafurahi, na machozi yakanitoka palepale barabarani.

Nyumbani nilimkuta ana rangi mpaka masikioni.

"Umeliona? Kanipa na yale mawili!"

"Nimeliona. Hongera, baba. Hatimaye umenisahau."

Akanitazama kana kwamba nimesema upuuzi.

"Nikusahau? Siku tatu nzima kazi yangu ilikuwa wewe. Kila nikipiga mstari, unatoka wa kwako. Nikaona hapa dawa ni kufumba macho nikukumbuke sawasawa. Pua ya mke wangu inaishia hapa, basi hii iendelee. Masikio ya mke wangu hayalingani, la kushoto liko juu kidogo, basi haya yalingane. Yule mama nimempata kwa kukutoa wewe kidogo kidogo."

Nikapeleka mkono kwenye sikio la kushoto, kisha la kulia. Miaka kumi na moja ya ndoa, na sikuwa nikijua kwamba masikio yangu hayalingani.