Betri Iliyovishwa Nguo

Kila asubuhi Damari alimwamkia mama mkwe wake, maana shikamoo haina likizo, lakini aliitupa mlangoni akipita, kama mtu anayemwaga maji ya vyombo. Anastasia naye aliitikia marahaba huku amempa mgongo. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikaa nyumba moja hapa Manyoni tangu Emilian, mume wa mmoja na mwana wa mwingine, aende machimboni.

Mwaka jana kuku wa Damari aliatamia mayai ya Anastasia. Yalipoanguliwa, Damari alivichukua vifaranga vyote. "Kifaranga ni cha mwenye kuku aliyekiatamia," alisema mbele ya majirani, na majirani wakamuunga mkono. Anastasia aliyasikia maneno hayo. Hakusahau.

Sasa Damari alitaka kuhama. Alikuwa na mashine ya kutotolea, na mayai yaliyomo yalikaribia kuanguliwa. Mfugaji mmoja wa Kilimatinde alivisubiri vifaranga hivyo, na malipo yake ndiyo yangekuwa kodi ya chumba karibu na stesheni. Chumba kisicho na Anastasia.

Umeme ukikatika, mashine iliendeshwa na betri kubwa ya kubebeka aliyoiacha Emilian. Damari aliipenda kuliko watu wa nyumba ile. Aliivisha kitambaa cha kufuma, kama redio na televisheni zilivyovishwa kwao, kwa kuwa kitu cha thamani hakikai uchi.

"Hiyo inapumua kwa feni ya ubavuni," Anastasia alimwambia. "Emilian alisema isifunikwe."

Wivu huo, Damari aliwaza. Anataka kuichungulia apate kuchomeka redio yake. Akaongeza kanga juu ya kitambaa.

Jumamosi umeme ulikatika mapema. Damari akawasha betri, akaona taa ya mashine inawaka, akaenda sokoni. Aliporudi mashine ilikuwa imezima na ndani hamna hata yai moja. Alitoka kwenda uani kwa hasira. Anastasia alikuwa akipepeta alizeti.

"Umeizima betri makusudi ili nisihame. Mayai yangu yako wapi?"

"Kaiguse kwanza hiyo betri yako. Mimi nguo zake sijazigusa."

Damari alirudi ndani, akapenyeza mkono chini ya kanga, akautoa upesi. Ilikuwa bado ya moto. Ikizidi joto inajizima yenyewe, Emilian alimwambia, naye alisikia. Aliona aibu, na aibu ile ikamzidishia chuki.

"Niliyakuta yanaanza kupoa," Anastasia alisema kutoka mlangoni. "Nikayapeleka kwa kuku wangu wanaoatamia. Njoo uone."

Bandani mayai yalikuwa yameanza kupasuka. Chini ya mbawa za kuku mwekundu vifaranga vililia, bado vimelowa. Damari alishusha pumzi. Alinyoosha mkono, kuku akamdonoa.

"Asante, mama." Neno lilimtoka kwa shida. "Kesho vikikauka nitavichukua."

"Utachukua vya nani?" Anastasia hakupaza sauti. "Kifaranga ni cha mwenye kuku aliyekiatamia. Majirani ni walewale, kawaulize."

Anastasia aliingia ndani, akaivua betri nguo, akazikunja vizuri na kuja kumwekea Damari mikononi.

"Hizi ndizo zako," alisema, akarudi kwenye alizeti yake.

Damari alibaki amesimama bandani na kanga yake. Chumba cha stesheni kingepata mpangaji mwingine, na kesho asubuhi angepaswa kumwamkia mama mkwe wake.