Mlio wa Kisima Namba Tatu

1

Namba hiyo Malemba ameiandika kwa chaki mlangoni mwa banda la pampu. Maana yake injini imeunguruma saa moja bila kuzimwa. Ataifuta na kuandika nyingine, kisha nyingine. Wewe unayesoma, ifuate chaki. Jua usilifuate, hapa halina habari mpya.

2

RANCHI YA MWAKURU
OFISI YA MENEJA

Kwa: Bw. Malemba, mwendesha pampu, Kisima Namba Tatu

YAH: KUTOZIMWA KWA INJINI

(a) Itakumbukwa kuwa injini ya Kisima Namba Mbili ilizimwa ili ibadilishwe oili. Mchanga ukatuama ndani ya paipu. Kisima hicho sasa ni shimo.

(b) Kwa kuwa Kisima Namba Tatu nacho kimeanza kutoa mchanga, injini yake ISIZIMWE kwa sababu yoyote ile hadi fundi atakapofika.

(c) Fundi anatarajiwa.

Shako
Meneja

5

Kinachotoka kwenye paipu ni uzi wa maji. Ukiweka ndoo chini yake, unaweza kunywa kikombe cha chai ya moto, ukakiosha, ukarudi, ndoo bado haijajaa. Uzi huo unazitosha nyumba kumi na moja za wafanyakazi na ndama walio zizini.

Ng'ombe wakubwa ni mia nne na kumi.

Wamekuja wote. Wamelizunguka hori kavu, ubavu kwa ubavu, shingo juu ya mgongo wa mwenzake, wanangoja.

Nani amewaita?

Tuku tuku tuku tuku tuku tuku

9

Malemba hakuwaita leo. Aliwaita miaka kumi na tisa iliyopita.

Malemba alipoajiriwa, ng'ombe walikuwa wakipotelea vichakani na wachungaji wakirudi wamechanwa na miiba. Yeye hakusomea mifugo wala mitambo. Alitazama tu, kama alivyozoea kutazama mambo, polepole, mpaka likamjia wazo. Akajiwekea sharti: hori halifunguliwi kabla injini haijaunguruma, na injini haiungurumi bila hori kufunguliwa. Hata siku moja asiwadanganye.

Ilichukua masika moja na kiangazi kimoja. Baada ya hapo, ng'ombe aliye mbali kiasi cha kutoonekana aliinua kichwa, akayatikisa masikio, akaja. Wageni wa ranchi nyingine waliletwa kuona. Meneja wa wakati ule alimpa koti la mvua.

Koti lipo. Limening'inia kwenye msumari ndani ya banda. Halijawahi kulowa.

26

MIMI GALGALO, mkuu wa wachungaji, naomba niseme mwenyewe, maana Malemba atawasimulia kwa upole mpaka mdhani hapa hakuna shida.

Mto uko kilomita kumi na nne. Una maji, nimekwenda nikayaona, nimeyanywa. Tangu jana nimewatoa ng'ombe hapa mara tatu. Tunafika kwenye mkwaju, upepo unageuka, wanamsikia huyo injini, nao wanageuka. Nimewapiga fimbo nisizozipenda. Ng'ombe mwenye kiu, mlio ukimwambia maji yako kule nyuma, atakufuata wewe uendako mbele?

Nilimwambia: "Malemba, hawa umewaoa, si kuwafuga. Sasa wape talaka!"

Akasema, "Ngoja kwanza tuone."

Huyo ndiye Malemba. Nyumba ikiwaka atasema ngoja kwanza tuone.

28

(Kwenye foleni ya ndoo. Sauti za wanawake. Anayejibu, mwenye kanga ya kijani, ni Mkawasi, mke wa Malemba.)

— Ati mumeo ataka kuizima?

— Nani aizime? Na watoto wangu wanywe nini, koti la mvua?

— Mama, usinipige jicho, mimi nauliza tu. Mume ni wako.

— Mume ni wangu, uzi huu ni wetu sote. Namba Mbili ilizimwa kwa nusu saa. Nusu saa! Wale wa kule sasa wanahama na magodoro kichwani. Asogee mtu kwenye ile injini nimwone.

— Na ng'ombe?

(Ndoo ikajaa. Ikawekwa nyingine.)

31

"Haloo? Bwana Shako? Shikamoo... Ndiyo, inaunguruma. Sijaizima, bwana. Ni hawa ng'ombe, hawataki kwenda mto... Hapana, fundi hajafika. Nasema ng'ombe, wanausikia ule mlio, sasa wanadhani... Ndiyo, bwana. Imeandikwa isizimwe, nimeisoma. Lakini kama unge

33

Alivyojaribu Malemba ili injini iungurume isisikike:

Magunia manane yaliyolowekwa kwa maji machafu ya oili, mlangoni na dirishani.

Godoro la kitanda chake, mbele ya bomba la moshi. (Liliungua pembeni. Mkawasi amelitazama.)

Udongo, kukizunguka kibanda, kimo cha goti.

Kumwomba Mungu.

Ng'ombe walisogea karibu zaidi, wapate kusikia vizuri.

50

Mtamba mmoja ameanguka karibu na hori. Wengine hawakumpisha. Walibaki wamesimama juu yake, maana hakukuwa na mahali pa kuhamia.

Galgalo hakutania.

"Leo bado wanaweza kutembea," alisema. "Kesho asubuhi labda. Kesho mchana, hata mto uje hapa wenyewe, hawatanyanyuka."

"Nikizima," Malemba alisema, "mchanga utashuka."

"Najua."

"Kisima kitakufa."

"Najua, kaka. Nimesema sijui?"

Tuku tuku tuku

56

Anahesabu upya, kana kwamba hesabu imekosewa.

Akiizima: nyumba kumi na moja hazina maji. Ndama hawana maji. Kazi hana. Nyumba anayolala ni ya kazi.

Asipoizima: wanakufa wakimwamini.

Akiondoka yeye aende zake: injini itaunguruma mpaka dizeli iishe, na lawama itaunguruma baada yake.

Anafuta. Anaanza upya.

Akiizima

73

Alhamisi, saa mbili asubuhi. Wameanguka watano.

Kipaji yuko mlangoni mwa banda. Ndiye ng'ombe mzee kuliko wote, mwenye baka jeupe usoni, na ndiye wa kwanza aliyeujua mlio. Paipu inapotoka ukutani huwa inatoa jasho kidogo. Kipaji ameweka ulimi hapo. Analamba chuma, anatulia, anasikiliza injini, analamba tena.

Mkawasi amekuja na ndoo. Amesimama anatazama ule ulimi.

Ndoo haikuwekwa chini ya uzi.

Aliondoka. Muda si muda nyumba zote kumi na moja zilitoka na madumu, masufuria, mabeseni, hata chungu cha kupikia maharage, wakakinga walichoweza kukinga. Pipa la ndama likakingiwa kwanza. Halafu Mkawasi akarudi bandani, mkononi ana viatu vya mumewe, vile vya ngozi.

"Vaa," alisema. "Kule njiani kuna miiba."

74

Hii ndiyo namba ya mwisho. Haitafutwa.

74

Kimya.







Malemba hakujua kwamba kule nyuma ya banda kuna ndege. Miaka yote hiyo.

74

Vichwa mia nne vimeinuka. Hakuna mguu uliosogea. Mlio umekoma, maji hayajaja, hilo hawajafundishwa.

Galgalo alipiga mluzi. Akaita kwa Kiorma, akaita kwa Kiswahili, akatukana kwa vyote viwili.

"Wananisikia," alisema, "ila hawanijui. Wanakujua wewe. Na wewe hawakujui kwa sura."

Malemba alitazama, polepole. Kisha akapenya katikati ya mbavu na pembe, akatoka upande wa pili, akasimama kwenye njia ya mto, mgongo kwa kisima. Akalowesha midomo.

"Tuku," alisema.

Mzee wa miaka hamsini na sita.

"Tuku. Tuku. Tuku tuku tuku tuku"

Galgalo alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu Kipaji alikuwa amegeuza sikio.

74

tuku tuku tuku
        tuku tuku tuku
                tuku tuku

Mkwaju wameupita. Nyuma yake vumbi na kwato. Haangalii nyuma, anahesabu kwato kwa sikio. Mate yamekauka. Galgalo anampokea anapokohoa, lakini Galgalo anaunguruma haraka mno, kama pikipiki, na ng'ombe wanaanza kusita, Malemba anarudi. Zimebaki kilomita tisa. Labda tisa.

74

Mbele, vumbi jingine. Gari la meneja, na pembeni ya dereva ameketi mtu mwenye kisanduku cha spana miguuni.

Fundi.

Gari limesimama. Kioo kimeshushwa. Bwana Shako ametoa kichwa na kiwiko.

"Malemba! Nani amezima injini?"

Ng'ombe mia nne wamesimama naye. Kipaji pua yake imemgusa mgongoni, kavu kama gome. Swali ni la haki na lina jibu, neno moja tu, mimi. Lakini mdomo anao mmoja.

"Nimeuliza nani amezima injini!"

Malemba alifungua mdomo.

"Tuku," alisema, akalizunguka gari.