Lori Lililokaa Eda

Siku niliyotoka eda, kabla sijamaliza hata kufunga kitambaa kichwani, shemeji yangu Zakaria alikuja kuniambia kwamba lori limekufa. Aliniambia kwa upole, mikono ameiweka nyuma, sauti ya chini, vile watu wanavyoleta habari za msiba. Nikamtazama usoni nikajua kwamba hana huzuni hata chembe.

Lori lilikuwa la mume wangu, Sumaili. Aliliendesha miaka kumi na tisa kati ya Kasongo na Kabambare, akipeleka chumvi na sabuni, akirudi na mchele, karanga na mawese. Juu ya kioo cha mbele alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu: SIYACHOKA. Na kweli halikuchoka. Kilichochoka ni moyo wake, siku moja baada ya sala ya alasiri, akiwa amekaa juu ya mkeka anafunga kamba ya kiatu. Tangu siku hiyo lori lilikaa uani miezi minne na siku kumi, sawasawa na mimi. Mimi ndani, lenyewe nje. Mvua zote za msimu ule zililinyeshea na hakuna aliyeligusa, au ndivyo nilivyodhani.

Mchana huohuo wazee wa ukoo walikaa barazani. Zakaria alikuwa amekwisha kumleta mnunuzi wa vyuma kutoka Kindu, mtu mnene mwenye mitungi ya gesi ya kukatia. Hata mkeka wa kikao ulikuwa haujatandikwa, yeye tayari anapima lori kwa hatua.

"Iko chuma ya kukata tu, baba mukubwa," Zakaria alimwambia mzee wa ukoo. "Pompe imekufa. Mazutu haipande kwa moteri. Na nani ataendesha? Sumaili hayuko tena."

"Mimi," nilisema kutoka mlangoni.

Walicheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Nikawakumbusha mwaka ule homa ilipomwangusha Sumaili katikati ya njia ya Kabambare: nani alishika usukani siku mbili, kwenye matope yanayofika magotini, mpaka mlango wa hospitali? Alinifundisha hapohapo, anatetemeka, meno yanagongana, ananitukana kila nilipokosea gia. Nikajifunza.

Baba mkubwa alikuwa mtu wa maneno machache, na hakupenda kelele. Alisubiri watu wanyamaze.

"Kama kamio itatoka hapa kwa nguvu yake, bila kusukumwa, mbele ya adhana ya adhuhuri ya siku ya posho, iko ya Mama Djamila na watoto yake. Ikishindwa, wakate."

Mama Djamila ni mimi. Siku ya posho ni Jumamosi, na ile ilikuwa Jumatano. Hukumu hiyo haimo katika dini, wala katika sheria za serikali, mimi najua. Lakini ndiyo niliyopewa, nikaishika kwa mikono miwili. Bila lori lile ningekuwa mjane wa kulishwa nyumbani kwa Zakaria, na mimi nilikuwa radhi kula udongo wa uani kuliko kula kwa Zakaria.

Alhamisi asubuhi nilimwita Élysée. Huyu ni fundi Mkristo mwenye gereji karibu na soko, aliyelitibu lori lile tangu Sumaili alinunue. Hasemi maneno kumi kwa siku. Alikuja na spana zake ndani ya mfuko wa unga, akaifungua pampu ya mazutu, ndivyo tunavyoita dizeli huku, akanionyesha kipande cha mpira cha ndani. Kilikuwa kimekauka na kupasuka.

"Mupira imekufa," akasema. "Pompe ingine iko."

Alikwenda kuing'oa kwenye lori bovu la aina hiyohiyo lililoachwa nyuma ya bohari moja, akarudi saa sita. Aliifunga, kisha akalegeza boliti ya kutolea hewa, nami nikabonyeza pampu ndogo ya mkono mpaka mapovu yakaisha na mazutu tupu ikatoka. Tulikuwa tumemimina tankini bidoni moja tu, dumu la plastiki, kwa haraka. Nikapanda, nikageuza ufunguo. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika.

Nililia, sioni aibu kusema. Ile sauti ilikuwa sauti ya Sumaili anayerudi nyumbani.

Nikatoka getini, Élysée pembeni yangu. Wanawake wa mtaa walipiga vigelegele, watu wa pikipiki wakanipisha. Nilifika mbele ya msikiti mkubwa, nikaanza kufikiria jinsi nitakavyomtazama Zakaria. Hapo lori likashtuka, likapungua nguvu, likazima katikati ya barabara.

Watu thelathini walilisukuma kulirudisha uani. Zakaria alitembea kandokando, hasukumi kitu.

"Shemeki, mi nilikuambia," akasema.

"Lilitoka!" nilimjibu. "Umeliona likitoka!"

"Limerudi kwa kusukumwa. Baba mukubwa alisema bila kusukumwa." Na kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima akamwambia mtu wa Kindu atayarishe mitungi.

Élysée alifungua tena pampu. Ndani kulikuwa na punje nyekundu, nyingi, zimejaa kila tundu. Alizimimina kiganjani akanipa nizione.

"Pompe haina kosa," akasema. "Tulianza mubaya. Iko rezervuari." Akaonyesha tanki kwa spana.

Ndivyo tulivyo huku. Gari likizima tunailaumu pampu kwanza, kwa kuwa pampu inafunguka kwa spana mbili, na tanki ni kazi ya kulala chini kwenye tope. Tulikuwa tumeweka pampu nzima ikanywe uchafu uliolala tankini.

Ijumaa, baada ya sala, nilivaa suruali ya Sumaili, nikafunga kanga juu yake, nikaingia chini ya lori pamoja na Élysée. Boliti nne za kushikilia tanki zilikuwa zimeshikana kabisa kwa kutu. Tulizipiga nyundo, tukazipaka mawese, tukazipiga tena. Zakaria alikuja, nikaona viatu vyake tu.

"Muke aliyetoka eda juzi analala chini na mafundi," vile viatu vikasema.

"Ingia na wewe ulale," nikamjibu. "Nafasi iko."

Viatu vikaondoka.

Tanki liliposhuka, Élysée alichungulia ndani akiwa na taa ya simu. Alichungulia muda mrefu. Kisha akanipa simu nichungulie mimi. Kutu ilianza chini ikapanda kuta zote mpaka mdomoni, imevimba, inabanduka vipandevipande. Na mdomo wenyewe haukuwa na kifuniko. Ulizibwa kwa kitambaa kilicholowa, ambacho Alhamisi tulikivuta na kukirudisha kwa haraka bila kujiuliza.

"Mama Djamila, Sumaili aliacha mafuta namna gani?"

"Alijaza," nilisema. "Alijaza mpaka juu. Hakulaza lori hata wiki moja bila kujaza, kwani tanki tupu linatoa jasho kwa ndani."

"Hii ilikaa tupu. Miezi mingi. Na mvua iliingia."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwezi wa pili wa eda, alasiri moja, nilisikia nyuma ya dirisha langu mtu anakokota mabidoni. Nikasikia mpira unanyonywa, kisha mtu akapaliwa na mazutu akakohoa, akatema mate. Kikohozi hicho nilikijua. Lakini mimi nilikuwa ndani ya eda, na mwanamke wa eda hatoki mbio uani kugombania mafuta na mwanamume. Nilijiambia: ni ndugu wa marehemu, labda ana haki. Nikavuta ushungi, nikanyamaza.

Hilo ndilo kosa langu, na ninalisema wazi kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisema. Eda ilinikataza kutoka. Haikunikataza kupiga kelele dirishani. Nilichanganya heshima na woga, na tanki la mume wangu likaoza.

Tulijaribu kuliokoa. Tulitia kokoto na kipande cha mnyororo, tukamimina maji, tukalibingirisha uani kutoka ukuta mpaka ukuta. Maji yalitoka mekundu. Tukarudia. Mara ya tatu hayakusubiri kumwagwa, yalipita yenyewe chini, kwenye matundu saba.

"Haiponi," Élysée alisema, akaanza kukusanya spana zake.

"Rudisha chini hizo spana," nikamwambia. "Njoo stoo."

Stoo yangu ina pipa la chuma la mawese. Mama yangu alinipa siku ninaolewa, likaletwa kutoka Nyangwe kwa mtumbwi, na nilikuwa nikiuza mawese kabla sijajua kwamba duniani kuna mtu anaitwa Sumaili. Ndani ya pipa lile kutu haijawahi kuingia hata siku moja, mawese yamelipaka kila upande miaka yote hiyo. Élysée aliligonga, akalinusa, akaingiza mkono. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akatabasamu.

Tuliliosha kwa maji ya moto na majivu, mara nne, tukaliacha mdomo chini likauke. Jumamosi alfajiri tulilisuuza kwa mazutu, tukalilaza nyuma ya kibanda cha dereva juu ya vipande vya tairi, mdomo juu, tukalifunga kwa mikanda ya chuma. Hatukulitoboa. Élysée alipitisha mrija kwenye mdomo wake, akauacha mwisho wake vidole vitatu juu ya sakafu ya pipa ili uchafu wowote ulale chini peke yake. Mpira mmoja wa kupeleka mazutu kwenye injini, mmoja wa kuirudisha. Pampu tuliisafisha kwa mswaki wa meno.

Saa tano wazee walikuwa wamekaa. Mitungi ya gesi ilikuwa imepangwa pembeni ya ukuta, na mtu wa Kindu amevaa miwani yake myeusi. Zakaria alilizunguka lori, akaona pipa, akapiga makofi mara moja.

"Baba mukubwa, tazama! Wameweka pipa ya mawese. Hii haiko tena kamio ya Sumaili. Rezervuari yake iko wapi?"

Nilikuwa nikisubiri mtu aniulize hilo. Nililikokota tanki la zamani mpaka mbele ya mkeka wa wazee, nikaliinamisha. Tope jekundu na magamba ya kutu yalimwagika mpaka karibu na viatu vyao. Baba mkubwa alivuta miguu.

"Rezervuari yake ni hii," nilisema. "Sumaili aliiacha imejaa mazutu. Mafuta ikijaa, kutu haiingie. Mutu alikuja akanyonya yote, akatupa kifuniko, akaziba na kitambara, mvua ikaingia. Zakaria, mazutu ya kaka yako iko wapi?"

"Uliniona?"

"Sikukuona. Nilikuwa ndani, kwa eda ya kaka yako. Nilikusikia unakohoa."

"Kikohozi iko ya kila mutu."

"Nimekupikia miaka kumi na saba, Zakaria. Kikohozi yako naijua kuliko muke yako anavyoijua."

Hakuna aliyecheka safari hii. Baba mkubwa aliyasukuma yale magamba kwa ncha ya fimbo. Nilitaka amhukumu pale pale. Hakumhukumu. Alinyanyua macho kwenye jua, akasema maneno mawili tu.

"Adhana bado."

Nikapanda. Élysée alitoa hewa, akanipa ishara. Niligeuza ufunguo, injini ikazunguka, haikushika. Mtu wa Kindu akasogea hatua moja. Niligeuza tena, haikushika. Nilipiga usukani kwa ngumi nikamwambia Sumaili, kwa sauti, mbele ya ukoo wake wote, kwamba sikukaa miezi minne na siku kumi kwa ajili yake ili lori lake linivunjie heshima. Élysée akabonyeza pampu ya mkono mara kumi nyingine, hata jasho likamdondoka puani. Nikageuza mara ya tatu.

Lilishika. Lilitoa moshi mweupe, kisha mweusi, kisha moshi wenye harufu ya mandazi, kwani mawese kidogo yalikuwa yamebaki ndani ya pipa. Uani kote watu walinusa. Élysée akarukia pembeni yangu na mfuko wake wa spana. Nilisubiri mpaka sauti ikatulia, nikatoka getini kwa nguvu ya lori lenyewe, bila mkono wa mtu hata mmoja mgongoni mwake. Nilifika msikitini, mahali lilipozimia, nikapita. Nikazunguka soko, nikarudi kwa njia ya nyuma, nikasimama nje ya geti letu bila kuzima injini.

Wazee walikuwa wamesimama. Mtu wa Kindu amevua miwani, hajui la kufanya na gesi yake. Zakaria alikuwa palepale nilipomwacha, karibu na tanki, kutu imemshika kwenye pindo la kanzu.

Nilitoa kichwa dirishani.

"Baba wa vyuma!" nikamwita yule mnene. "Hukuja bure. Tanki lile ni fungu la Zakaria katika urithi wa kaka yake, alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Mukatie vizuri, vipande vidogo, aweze kubeba."

Baba mkubwa aligeuka upande, nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Adhana ya adhuhuri ikaanza. Nikatia gia ya kwanza kwenda kupakia mzigo sokoni, maana njia ya Kabambare ni ndefu na watu kule walikuwa wamengoja chumvi miezi minne na siku kumi.